Mche Usiobeba Udongo

Nassur mwanangu,

Ukirudi kutoka Itsandra kuwaaga wenzako, utakuta magunia matatu ya miche ya migomba hayapo uani. Usimuulize mama yako, wala usimgombeze dada yako. Nimeyachoma mimi. Niliyaburura mpaka kwenye mawe meusi ya ufukweni, chini ya mtaa wetu wa Badjanani, nikayarundikia makumbi na kuyamwagia mafuta ya taa. Mche mbichi haushiki moto kirahisi. Nimemaliza mafuta yote ya mama yako, na hilo nalo nitalijibu jioni.

Najua ulivyohangaika kuichimba. Najua pia umemwahidi mkweo, Bi Rahima, kwamba utamletea migomba ya kwenu. Kesho unapanda meli kwenda Mutsamudu kuoa na kukaa nyumbani kwa mke, kama tufanyavyo wanaume wa visiwa hivi, na hakuna kijana anayetaka kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Mimi nakuomba uingie karibu na mikono mitupu. Ukishanisoma mpaka mwisho utaamua mwenyewe kama nilikuwa na haki ya kukuomba hivyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili nilichojifunza Unguja nikiwa kijana, kile ulichokuwa ukinicheka kwamba ni lugha ya wazee wa madukani. Humu ndani ni wewe tu uliyekubali kukisoma. Mambo ya nguo, sala, tumbo lako na samaki wasiokukubali, mama yako amekuusia tangu juzi, nami siongezi neno. Yangu ni ya udongo.

Shamba la Mvouni, kama unavyojua, si langu. Halikuwa langu hata siku moja. Ni manyahuli, ardhi ya ukoo wa mama yako. Inatoka kwa mama kwenda kwa binti, haigawanywi, haiuzwi, na sisi waume tunailima kama wageni wenye majembe. Marehemu bibi yako, Koko Mariama, aliniruhusu kulima pale nilipomwoa binti yake, lakini kila nilipopanda kitu alikuja kukikagua. Sikumlaumu. Nilikuwa karani wa bandari, nimehamishiwa Mutsamudu, nakuja nyumbani pale ofisi inaponiachia, na mkono wangu ulikuwa laini.

Unakumbuka kidogo enzi za vijana wa mapinduzi, walipokataza harusi kubwa na kuwavua wazee mharuma, shali zao za heshima, mabegani. Ndoa yangu na mama yako ilikuwa ile ndogo tu, ya kadhi na mashahidi. Mtu ambaye hajafanya harusi kubwa, wewe unajua, hata akiota mvi anahesabiwa mtoto. Anakaa nyuma msikitini na hasemi kitu bangweni, uwanjani wanapokutana wanaume, wakubwa wakisema. Nilikuwa nimeshaanza kuizoea hali hiyo. Kisha mamluki wakatua na bunduki zao, serikali ikapinduka, wazee wakatoa mharuma zao masandukuni, na harusi zikarudi kwa kishindo kama mtu aliyefunga mwezi mzima na kuoneshwa sinia. Nami nikataka yangu. Niliitaka vibaya mno, Nassur. Sikuuliza ni nani aliyenifungulia mlango wa kuifanya.

Huko Mutsamudu nilikuwa nimepanga kwa mzee mmoja mwenye migomba mirefu bondeni, mikungu yake inatoa ndizi nene kama mkono wa mtoto. Koko Mariama aliwahi kuila ndizi hiyo kwa nazi, akasifu. Alisifu mara moja tu, lakini kwangu ilitosha. Nilipokuja kwa harusi nilishusha melini miche mingi kupita ninayoweza kukuhesabia, kila mmoja na bonge la udongo wake, umefungwa kwa majani makavu. Mzee wa Mutsamudu alisema mgomba haupendi kuvuliwa udongo wake, nami nilimwamini, maana lilikuwa neno la kupendeza. Watu walisimama njiani kutazama mizigo ikipanda Mvouni. Mingine nilipanda shambani kwa bibi yako, mingine niligawa kwa majirani, mkono ukiwa wazi, mharuma begani.

Aliyekataa alikuwa mmoja. Mmadi, ambaye shamba la dada zake liko juu ya letu, ng'ambo ya njia. Unamfahamu, ndiye yule mwenye mkono usiokunja vidole. Wakati wa mapinduzi alikuwa katika kamati ya vijana na alipiga kelele sana juu ya harusi zetu. Nilipompelekea miche alisema, "Ahsante, lakini sili harusi." Watu walicheka. Mimi sikucheka, na kicheko chao nilikiweka moyoni.

Msimu wa kwanza migomba ilinawiri. Wa pili mikungu ikatoka midogo, nikasema ni jua. Baada ya hapo ikaanza kulala. Ninaposema kulala nataka uelewe: si kukatika, si kuvunjika. Mgomba wenye mkungu umesimama leo, upepo mdogo unapita, kesho unaukuta chini mzima mzima, tunguu lake la ardhini limeng'oka na mizizi imebaki vijiti vifupi, kama kuna mtu aliyelishika shina akalivuta. Ya kwetu ikalala, na ile ya zamani ya Koko Mariama iliyopandwa kabla sijazaliwa ikafuata. Alikuja, akasimama katikati ya shamba na fimbo yake, akasema, "Shamba hili mama yangu alinikabidhi limesimama." Akageuka akaenda zake.

Hapo ndipo nilipotafuta mtu. Nataka ulione jambo hili vizuri kwa sababu utakutana nalo. Sikuchimba mzizi hata mmoja. Nilikuwa na shamba zima la ushahidi miguuni mwangu, na jembe mkononi, nami nikaenda kutafuta mtu. Ijumaa baada ya sala nilikaa bangweni pamoja na wakubwa wenzangu, kiti kikiwa bado kipya chini yangu, nikasema, "Migomba yangu haianguki, inaangushwa. Na anayeiangusha ni yule asiyekula harusi." Sikutaja jina. Nilijiona mjanja kwa kutolitaja.

Siku zile kila bangwe lilikuwa na sikio la kambi ya mamluki. Hazikupita siku nyingi, gari la askari likapanda Mvouni, askari wetu nyuma na mzungu mmoja mbele. Walisimama kwanza shambani kwetu. Mkalimani aliniuliza kama ni kweli kuna mtu wa kamati ya zamani anayehujumu mashamba ya watu. Nikasema, "Sijamwona kwa macho yangu. Lakini nani mwingine?" Mkalimani alifasiri. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akauliza nyumba yake iko wapi, na mimi, Nassur, nilinyoosha mkono. Huu ninaoandikia.

Wewe ulikuwa shuleni. Uliporudi uliniuliza kwa nini Mmadi amechukuliwa, nikakwambia mambo ya wakubwa. Miaka yote hii umejua amechukuliwa na umejua amerudi. Ulichokuwa hujui ni hicho kimoja, nacho sasa unacho.

Mmadi alipokuwa bado kambini, mama yako alimwita bwana shamba mmoja aliyepita Mvouni kutazama vanila ya jirani. Mimi sikumwita, nilikuwa na jibu langu. Bwana shamba alichukua mgomba uliolala, akakata vipande vya mizizi iliyobaki, akavipasua kwa urefu na kisu chake cha mfukoni. Ndani, mahali panapotakiwa kuwa peupe, palikuwa na mistari myekundu, kahawia, na mingine imeshakuwa myeusi. Akakata na tunguu, nalo lilikuwa na madoa hivyo hivyo. Akavitia vipande katika glasi ya maji, akatuambia tumfuate mjini kesho yake. Pale ofisini alinionyesha kwa hadubini. Niliinamisha jicho nikaona kitu kama nyuzi fupi zisizo na rangi, zinajipinda na kujinyoosha. Minyoo, wadogo kiasi kwamba jicho tupu haliwaoni, wanaingia mzizini, wanakula njia yao ndani yake, na mzizi unaooza nyuma yao hauwezi kuushika mgomba ardhini. Upepo unamalizia tu.

"Hawa hawaruki, hawatembei mbali," akasema bwana shamba. "Huwa wanabebwa. Migomba hii mirefu mliitoa wapi?"

Niliinua jicho kutoka kwenye hadubini. Mama yako akasema, "Mume wangu aliileta kutoka Mutsamudu, na udongo wake." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya mchele.

Ungetarajia baba yako aende kambini siku ile ile. Hakwenda. Nilijiambia nitasema Ijumaa, nikasema Ijumaa hii imewahi mno, tungoje ijayo. Niliogopa mzungu asinigeuzie swali. Lakini hofu ya mzungu ilikuwa nusu tu, na pengine hata nusu haikufika. Niliogopa bangwe. Niliogopa kusimama mbele ya watu waliokula harusi yangu nikawaambia kwamba zawadi niliyowagawia ndiyo iliyokuwa ikila mashamba yao. Mtu amekaa gerezani, mimi nikalinda kiti.

Kilichonitoa ni mama yake Mmadi. Alikuja hapa Badjanani, akakaa kizingitini, hakutaka kuingia. Akamwambia mama yako, "Zaliha, muulize mumeo anataka nini. Kama ni migomba, nitampa yangu yote." Nikamsikia nikiwa chumbani. Basi nikavaa, nikaenda.

Langoni walinikalisha juani. Hatimaye nikafikishwa mbele ya mzungu, nikaeleza mizizi, mistari, glasi, hadubini. Mkalimani alinitazama, akafasiri kwa neno moja. Wakacheka wote, na yule mzungu akasema kitu, na mkalimani akaniambia kwa heshima kabisa, "Anasema, mzee nenda nyumbani ukawakamate hao minyoo, uwalete."

Mmadi aliachiwa karibu na Ramadhani, pamoja na wengine, na si kwa ajili yangu. Vidole vya mkono wa kulia havijifungi tena. Hajasema walimfanya nini, nami sijathubutu kuuliza. Alikuwa mkulima na seremala. Sasa dada zake wanamlimia.

Na kila tunapokutana, Nassur, ananiamkia. Mimi nimefanya harusi kubwa, yeye hajafanya, kwa hiyo ada inamtaka atangulie. "Kwezi," ananiambia, akininyooshea mkono ule ule, na ada inanitaka nijibu "Mbona." Nimejibu miaka yote hii. Sidhani kuna adhabu ambayo wale wa kambini wangeweza kunitungia ikafikia hiyo.

Nimekwambia yangu ni ya udongo, basi nikupe na yaliyobaki, kwa sababu nimeyanunua ghali na sitaki yapotee. Bwana shamba alituambia tung'oe yote, hata ile iliyokuwa bado imesimama, na matunguu yaliyosahauliwa ardhini, maana minyoo wanakaa humo wakingoja. Mama yako alitaka kung'oa. Mimi nilimwomba tuache ya ukingo wa juu, inaonekana mizima. Ndiyo hiyo uliyochimba wewe. Leo asubuhi kabla ya kuichoma nilipasua mizizi ya mche mzuri kuliko yote, ule uliouweka juu ya gunia, na mistari ilikuwepo. Majani ya kijani hayaniambii kitu tena.

Pengine utasema, wadudu hawa si wametoka huko huko Mutsamudu, nikiwarudisha nitakuwa nimeharibu nini? Wametoka bonde moja la mzee mmoja. Shamba la Bi Rahima ni jingine, na ni manyahuli ya mkeo na ya binti utakayejaliwa naye. Wewe utakuwa mgeni mwenye jembe. Mume akiharibu shamba la aina hiyo hana cha kulipia, kwa sababu hakuna kipande chake humo. Dada yako Fatima atarithi kwa mama yake ardhi yenye minyoo ya baba yake. Tumepanda muhogo na viazi vitamu tuwanyime chakula, tumemwaga samadi ya mbuzi, na wamepungua. Hawajaisha. Koko Mariama alikufa akitazama muhogo pale aliposimamisha migomba mama yake. Alinisamehe kwa maneno, kama inavyopasa mgonjwa kusamehe. Shamba sikuweza kulisimamisha mbele ya macho yake, na jambo hilo linaniuma mpaka leo nikiandika.

Ukifika kule, osha miguu na jembe kila unapotoka shamba la mtu. Watakuona una wasiwasi, waache wakuone. Na mgomba ukilala, hata kama kuna jirani aliyekutukana jana yake mbele ya watu wote, shika kisu, upasue mzizi, utazame. Ukishatazama ndipo useme.

Sasa kuhusu mche mmoja ulio kwenye kikapu kidogo nyuma ya mlango. Utauona wa ajabu. Nimeukata mizizi yote, nimelimenya tunguu mpaka likawa jeupe, kisha nikalizamisha katika maji ya moto ambayo kidole hakivumilii lakini hayajachemka, kwa muda wa mtu kula sahani ya wali bila haraka. Hauna hata chembe ya udongo. Bi Rahima atadhani unamletea muhogo uliomenywa vibaya. Askari bandarini nao watataka kuupekua. Wafungulie, wacha wacheke. Utashika.

Haukutoka kwetu. Kwetu hakuna kilichobaki cha kukupa. Baada ya kuchoma magunia nilipanda Mvouni, nikamkuta Mmadi amekaa mlangoni. Shamba lao halikuguswa. Liko juu, maji ya mvua hayatoki kwetu kwenda kwake, na hakupokea miche yangu. Bwana shamba alichimba pale pia, akakuta mizizi myeupe.

"Kwezi," akasema, akainuka.

Sikuweza kujibu. Nikamwambia nimekuja kuomba mche mmoja wa mgomba.

"Wa nani?"

"Wa Nassur. Anakwenda kuoa Mutsamudu."

"Si mna migomba kwenu."

"Haifai. Unajua."

"Najua," akasema. "Nataka nisikie kutoka kwako."

Nikasema. Nilimwambia shamba letu lina minyoo, na minyoo niliwaleta mimi, na nilijua hivyo yeye akiwa bado ndani, nikakaa kimya. Nimemwona mtu huyu karibu kila wiki miaka hii yote, na haya sikuwahi kumtamkia. Hakulia, hakunitukana, na kama ulitaka nikwambie alinikumbatia, hakunikumbatia. Alinyoosha kidevu kuelekea ukingoni. "Ule pale. Chimba mwenyewe, mkono wangu haushiki jembe."

Alisimama juu yangu nikichimba. Nilipomaliza nilimuuliza anataka nini.

"Mwanao anajua?"

"Anajua ulikamatwa."

"Anajua ni nani aliyeonyesha nyumba?"

Nikatikisa kichwa. Akaniambia, "Basi mwandikie. Asiende kupanda mgomba wangu hali hajui. Akishajua, aamue kama ataubeba."

Ndiyo maana nakuandikia, Nassur. Sikuandika kwa wema wangu. Hiki ndicho alichotaka kwa mche wake. Sasa unajua, na kikapu kiko nyuma ya mlango. Kesho nitakuwa bandarini pamoja na mama yako. Ukipita bila kunipa mkono sitauliza kwa nini.

Ukiubeba, upande mahali ambapo Bi Rahima atakuonyesha, si unapopenda wewe. Atakuuliza umetoka kwa nani. Mwambie umetoka kwa Mmadi wa Mvouni, na jina langu usilitaje.

Baba yako.